Kauri Kibogoyo

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika makumbusho! Daktari wa makonokono anakuja Ijumaa.

Si daktari wa kutibu. Kazi yake ni kuwapanga konokono wa baharini waliokufa zamani wakageuka mawe. Anawatazama mgongo, anawapindua tumbo, anahesabu meno, kisha anasema huyu wa ukoo huu, yule wa ukoo ule. Akimkuta asiye na ukoo, anampa jina jipya. Na jina hilo, kasema Kipimo huku akitusomea barua (mimi na feni), mara nyingi ni la mtu aliyemwokota.

La mtu aliyemwokota. Nimelazimika kukaa chini.

Nieleze kwa utaratibu, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Mimi ni mchora mabango mstaafu, umri sitini na moja. Nusu ya maduka ya mji huu yana herufi zangu. Siku hizi mkono unatetemeka kwenye herufi kubwa, lakini ndogo bado zinanitii, kwa hiyo naandika vitambulisho vya makumbusho yetu. Vyumba viwili, kabati tisa, feni moja. Mkubwa wangu ni Kipimo. Ameitwa hivyo tangu utotoni kwa sababu hupima kila kitu. Ana kile kikoleo cha chuma cha kupimia unene, kinakaa mfuko wa shati. Nimemwona kwa macho yangu akipima mkate kabla ya kuukata.

Kabati kubwa kuliko yote ni la kauri za mawe. Droo kumi na nne, zote kazi ya Kipimo. Anapenda kunihubiria. Kauri, anasema, uijue kwa mdomo wake. Rangi zote zimeshapotea, mawe hayana rangi, kwa hiyo utazame mdomo. Ukiipindua utaona ufa mrefu mwembamba kutoka mwanzo wa tumbo hadi mwisho, na kila upande wa ufa kuna meno, kama kitana. Mengine marefu, mengine mafupi, lakini kauri ni lazima iwe na meno.

Lazima!

Mimi ninayo moja haina hata jino. Kibogoyo kabisa. Inalala kwenye kopo tupu la rangi ya viatu, juu ya pamba, uvunguni mwa kitanda changu. Imelala humo miaka hamsini na nne.

Nimejaribu jina langu na mkia wa Kilatini. Linapendeza sana. Nimeliandika mara arobaini nyuma ya barua.

Jumanne, 4 Juni

Pigo la kwanza. Kumbe barua hiyo ilikuwa na fomu nyuma yake. Kipimo amenitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba karatasi nyingine.

Fomu inataka mambo manne kwa kila kauri. Mahali ilipookotwa. Tabaka, yaani mstari gani wa mawe kwenye ukuta wa machimbo, maana kila mstari ni bahari ya zama zake. Mwaka. Na aliyeokota. Nimemuuliza Kipimo, kama mtu anayeuliza habari za hewa, itakuwaje kama mtu hajui tabaka. Akasema basi anacho kijiwe kizuri cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Mahali napajua: machimbo ya zamani ya chokaa, alikokuwa akikata mawe baba yetu. Mwaka naujua. Tabaka sijui. Siku hiyo nilikuwepo, lakini nilikuwa nimegeuka upande wa pili, nakula chakula tulichompelekea baba.

Aliyeokota. Hapa kalamu imesita kidogo.

Sawa. Ni Dada. Naandika hapa tu, na kufuli la shajara ni zima.

Dada alikuwa na miaka kumi, mimi saba. Kila adhuhuri tulimpelekea baba chakula. Machimbo yalikuwa meupe mpaka macho yanauma. Baba alikuwa mweupe pia, kope zake zimejaa vumbi, akicheka utadhani jiwe limepata ufa likatoa meno. Akipasua tofali akakuta kauri, aliiweka pembeni kwa ajili yetu. Hatukuziita kauri. Tuliziita kete, tukazichezea mavumbini, na anayeshindwa alibeba ndoo kurudi nyumbani. Nilibeba ndoo utoto wangu wote.

Kisha Dada akaokota ile moja. Ndogo kama ncha ya kidole gumba, nyembamba, ukiigongesha kwenye jino inalia kama kikombe cha chai. Haikuwa na meno. Dada aliipenda kuliko kitu chochote. Alisema hii hataichezea. Kila kitu kizuri kilikuwa cha Dada: sauti nzuri, mwandiko mzuri, kitanda cha dirishani. Nikaichukua nikae nayo siku moja. Siku ya pili akaanza kulia, na kumrudishia mtu anayelia ni kazi ngumu. Ya tatu ikawa ngumu zaidi. Baada ya hapo siku zikajipanga zenyewe.

Mpango: kumchota Dada habari za tabaka bila yeye kujua kwa nini. Naishi nyumbani kwake, chumba cha uani, tangu mke wangu alipofariki. Samaki yuko mlangoni, kilichobaki ni chambo.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia Dada naandika historia ya ukoo.

Ameinua macho kutoka kwenye cherehani akauliza tangu lini. Nikasema tangu zamani, moyoni. Akasema vizuri, basi nishike pindo hili huku nikiuliza. Nimeshika mapindo kwa saa tatu nzima. Nimefumua vifungo kumi na sita vya sare za shule. Nimechomwa na pini sehemu mbili, moja ya aibu, maana niliikalia.

Nikiuliza machimbo, anajibu baba. Nikiuliza ukuta wa mawe, anajibu vidole vya baba. Kwamba vilipasuka, na kila Ijumaa mama alivipaka mafuta, na baba alijifanya haumii ili tusiogope, halafu anaimba kwa nguvu mno, na sisi tukajua. Nilikuwa nimesahau ule wimbo wake usio na maneno. Dada ameuimba kidogo. Cherehani ikasimama.

Nikajikumbusha kazi. Nikauliza, kwa sauti ya kizembe kabisa, kama anakumbuka kete yoyote ya ajabu.

Akasema: "Ile yangu isiyo na meno? Ile aliyoiba Kipimo?"

Nimeangusha kikombe. Nimesingizia pini.

Sikujua! Yaani, nilijua Kipimo aliacha kuja kwetu. Alikuwa mtoto wa jirani, rika la Dada, kutwa wako pamoja wakipima urefu wa vivuli vyao. Mara akawa haji. Lakini nilikuwa na miaka saba, na mtoto wa miaka saba ana shughuli nyingi. Kumbe Dada alimwambia mama kwamba ni yeye, kwa sababu siku ile alikuwa ameomba aipime. Mama akamwambia mama yake. Kipimo akachapwa mbele ya mtaa mzima, na hakukiri, na kwa kuwa hakukiri akachapwa tena.

Ndiyo maana Dada hajawahi kukanyaga makumbusho! Nilidhani ni magoti.

Tabaka bado sijui.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya, bora zaidi. Nimempeleka Dada machimboni.

Nimesema ni kwa ajili ya historia. Ameguna, amechukua fimbo yake, na tumetembea polepole. Nilibeba maji, mwavuli na kiti cha kukunja. Kiti kilinikunja mimi mara mbili.

Machimbo yamefungwa miaka mingi. Majani yameota chini na mbuzi wa mtu wanalisha pale baba alipokuwa akisimama. Lakini kuta ziko vilevile! Weupe uleule unaouma macho. Dada alisimama ukingoni. Kisha akaanza kuonyesha kwa fimbo. Pale palikuwa na pipa la maji. Pale baba alitundika shati. Pale wewe ulianguka ukasema umesukumwa. (Nilisukumwa.)

Nikamuuliza ile kete aliipata wapi hasa.

Hakusita hata kidogo. Akaenda moja kwa moja ukuta wa mashariki, magoti na yote, nikimkimbilia na mwavuli. Kuna mstari mnene wa chaza, magamba matupu yamebanana. Chini yake kuna ukanda mwembamba wa tope la manjano, laini, unakwangulika kwa ukucha. Wakati ule ulikuwa usawa wa goti la baba. Baba alikata tofali juu yake, tope likamomonyoka, na kete ikatoka nzima kana kwamba imeamka. Baba akasema huyu alikufa vizuri, alilazwa kwenye godoro.

Nimekwangua tope nikaliweka kwenye leso. Kwa siri. Dada aliniona, nikasema ni kwa ajili ya kumbukumbu, na macho yake yakalainika, akanishika mkono. Akasema hakujua kama mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Wakati wa kupanda ngazi ya mawe kutoka machimboni amepumzika mara tatu. Mara ya tatu akasema kitu bila kunitazama. Kwamba Kipimo alimjia wiki moja baada ya viboko, na mkono umejaa kete, labda ishirini, akazimwaga miguuni pake. Akasema atazidi kuleta mpaka aipate nyingine kama ile, ajue kwamba hakuiba. Na yeye, Dada, akazipiga teke.

Nimehisi kitu kifuani. Nadhani ni ile ngazi.

Hata hivyo tabaka ninalo! Fomu imejaa. Kwenye "aliyeokota" nimeandika jina langu, herufi ya kwanza na mkia wake wa kupinda, ule ambao mji mzima unaujua.

Ijumaa, 7 Juni

Daktari amefika saa mbili asubuhi. Mama wa makamo, viatu vya kutembelea, lenzi ndogo inaning'inia shingoni. Amenipa shikamoo, nikaona tutaelewana.

Amefungua droo ya kwanza. Sijawahi kuona mtu akiangalia kitu hivyo. Anaipindua kauri, anaileta jichoni, anaihesabu kwa midomo bila sauti. Hii ina mgongo wa mviringo na mdomo umekaa katikati: kushoto. Hii imebonyea, midomo imevimba pembeni kama mto: kulia. Hii ina kishimo kidogo mbele, ndani ya mdomo, ukoo mwingine kabisa. Kipimo anasoma vipimo kutoka kichwani, hajakosea hata kimoja, na mimi naandika.

Nikataka kuonekana ninajua. Nikachukua moja laini isiyo na meno kutoka droo ya nne nikatangaza kwamba hii ni ya ajabu. Daktari akacheka kwa upole. Akasema hili si gamba, mzee wangu. Gamba liliyeyuka zamani. Hili ni tope lililoingia ndani likaganda, kwa hiyo ni umbo la nyumba bila nyumba. Kipimo akasema kwa heshima kwamba nimeandika kitambulisho chake mimi mwenyewe. Kinasema hivyo hivyo.

Vipi kama na yangu ni tope? Lakini yangu inalia kama kikombe! Nilikuwa nayo mfukoni, kopo na yote. Nilisubiri tu wapumzike.

Walipumzika saa nne. Daktari akamuuliza Kipimo kitu kimoja kinachomsumbua. Droo kumi na nne, kauri mia sita na zaidi, na karibu zote ni za machimbo yale yale. Watu wa kawaida hukusanya huku na huku. Kwa nini yeye amechimba shimo moja maisha yake yote?

Kipimo alifuta kikoleo chake kwa shati. Akasema alikuwa anaitafuta moja tu. Hizi nyingine ni zile alizokutana nazo njiani.

Akaeleza. Si kwa uchungu hata kidogo, hilo ndilo lililoniumiza. Kuna msichana alipotelewa na kauri isiyo na meno, akasema, nikadhaniwa mimi. Alikuwa rafiki yangu. Nilidhani nikiipata nyingine kabla ya likizo kwisha, mambo yatakaa sawa. Likizo ikaisha. Nikaendelea Jumamosi. Kisha ikawa kazi, makumbusho yakanipa ufunguo. Sijawahi kuipata. Wakati mwingine, akasema, nadhani haikuwepo.

Mimi nilikuwa nimeshika kopo mfukoni.

Ningeweza kusema pale pale. Naandika ili ijulikane kwamba nililifikiria. Lakini akili yangu ni ya haraka, na ikanipa njia nzuri zaidi, ambayo kila mtu angefurahi na mimi nisiulizwe. Walipotoka kunawa mikono, nilifungua droo ya kumi na nne, nikaiweka kauri nyuma kabisa, kwenye kisanduku kitupu. Daktari ataikuta kesho. Kipimo atadhani aliiokota zamani akasahau. Atakuwa ameipata! Fomu yangu nimeichana, jina nimemwachia. Mimi, mtu wa kujitolea, nimeacha umaarufu kwenye droo.

Sikuweza kuiacha bila kitambulisho. Kitu bila maandishi kinanipa kizunguzungu. Nimeandika kidogo tu: "Kauri isiyo na meno. Tope la manjano, chini ya chaza." Safi. Mkono haukutetemeka.

Halafu nikaharibu. Daktari wakati anaondoka aliuliza kama kuna mtu bado anaijua mistari ya ukuta wa machimbo. Nikasema dada yangu anaijua yote. Mdomo wangu huu! Akasema mwambie aje kesho, tafadhali, nitashukuru sana.

Kipimo amepima meza ambayo ameshaipima.

Jumamosi, 8 Juni

Dada amekuja.

Sikumlazimisha. Nilimwambia Daktari anauliza habari za kazi ya baba, akavaa gauni la buluu. Mlangoni alisimama kidogo. Kipimo alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba na mikono nyuma. Walisalimiana kama watu wanaopokezana kitu cha moto.

Dada akachora ukuta kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Daktari alikuwa karibu kuruka. Alipofika kwenye tope la manjano, Daktari akauliza kama kuna chochote kwenye kabati kilichotoka humo. Kipimo akasema hakuna. Hajawahi kupata kitu kizima kwenye tope lile.

Daktari akafungua droo ya kumi na nne.

Nilitaka kwenda chooni.

Aliitoa kwa vidole viwili. Dada aliiona kabla ya yeye kuinua lenzi. Hakupiga kelele. Alikuwa mweupe kama tuko machimboni tena. Akamgeukia Kipimo akasema, polepole, "Kwa hiyo ilikuwa kweli. Ulikuwa nayo."

Na Kipimo, huyu mtu ambaye ana jibu la kila kitu mpaka nusu ya milimita, hakukigusa hata kikoleo chake. Alitazama ile kauri kana kwamba imemtukana. Kisha akakaa kwenye kiti, na nikamwona mtoto wa miaka kumi amekaa pale, aliyechapwa mara mbili.

Hili sikulipangia! Nilipanga furaha!

Daktari, asiyejua lolote, akasoma kitambulisho kwa sauti. Dada akanyoosha mkono akakichukua. Akakitazama. Akatazama ile K, mkia wake unaopinda chini na kurudi, ule ule ulio juu ya duka la vitambaa, na kinyozi, na mlango wa mbele wa makumbusho haya. Wino ulikuwa mweusi kabisa. Wa jana.

Akaniangalia.

Nikasema ninaweza kueleza. Dada akasema, "Eleza."

Nikaeleza. Ilichukua muda mfupi sana. Miaka hamsini na nne, na inaishia kwenye sentensi tatu. Niliichukua nikae nayo siku moja. Ulilia nikaogopa. Basi.

Feni ilizunguka. Ndipo Daktari, ambaye Mungu ambariki hajui kukaa kimya mbele ya konokono, akasema jamani, samahani, lakini mtazame hii.

Akatuita karibu na dirisha. Akasema kauri hazizaliwi na meno. Ikiwa changa, gamba lake ni jembamba kama ganda la yai, mdomo uko wazi, ukingo ni mkali, na kileleni bado unaona mizunguko yake midogo ya kwanza. Hii hapa, tazameni, mizunguko. Ikikua ndipo mdomo unapojikunja kwa ndani, meno yanaota, na gamba jipya linafunika utoto wote usionekane tena. Hii haikufika huko. Si aina mpya. Ni ya aina ile ile ya kawaida, ile inayojaza droo tatu za Mzee Kipimo. Ila hii ni mtoto.

Nilisikia jina langu la Kilatini likianguka sakafuni.

Lakini Daktari alikuwa bado anaongea, na macho yake yamelowa. Magamba ya watoto huvunjika, akasema. Karibu yote. Kwenye mawe magumu hakuna linalobaki. Mzee wangu usingeipata kamwe kule ulikokuwa unachimba, hata uchimbe miaka mia. Ilihitaji tope lile laini, na siku ile, na mtu wa kuiona.

Kipimo akauliza kama anaweza kuipima.

Akatoa kikoleo. Alimtazama Dada kwanza, akingoja ruhusa, kama alivyofanya siku ile. Dada akatikisa kichwa kukubali. Akaipima. Milimita kumi na tisa. Akaipima tena.

"Miaka yote," Dada akamwambia, "nilizipiga teke kete zako."

Kipimo akasema zipo zote. Droo ya kwanza, safu ya kwanza. Ishirini na mbili.

Nimerudi nyumbani peke yangu.

Jumapili, 9 Juni

Dada hajasema nami tangu jana. Chakula kimewekwa mezani. Kimewekwa, si kuletwa. Tofauti naijua.

Mchana nimeenda kusimama mlangoni pa chumba cha cherehani. Nilikuwa na hotuba. Niliitupa. Nikasema nisamehe, Dada. Bila kitu cha kuongeza.

Akashona mshono mzima hadi mwisho. Kisha akasema kuiba kungekwisha. Watoto wanaibiana. "Lakini umeniacha nizeeke na kisa cha uongo," akasema. "Nimemchukia mtu mwema maisha yangu yote, na wewe unamwandikia vitambulisho."

Nilitazama mikono yake. Imeanza kufanana na ya baba.

Baadaye akasema kaa, shika pindo. Nikashika. Akaanza ule wimbo usio na maneno, kwa chini sana, na mimi nikaufuata nikikosea, na hakunikosoa. Nadhani nimelia kidogo kwenye sare ya mtoto wa watu.

Nimeapa kubadilika. Kuanzia leo, mambo yangu yote mbele za watu, hakuna mipango.

Jumatano, 12 Juni

Kauri imewekwa peke yake kwenye kisanduku cha kioo, chumba cha mbele. Dada ameshona kimto cha kuilaza. Nimeandika kitambulisho, Kipimo kanitajia maneno: aina yake, umri wake, tope la manjano chini ya chaza, iliokotwa na binti wa mkata mawe, umri miaka kumi. Sikubadilisha neno. Nilitaka, sikubadilisha.

Dada anakuja makumbusho kila siku sasa. Anasema ni kwa ajili ya vimto vya droo nyingine. Droo ni kumi na nne na Kipimo anampimia kila kimoja mara tatu, kwa hiyo kazi itachukua muda. Leo nilisikia wanacheka chumba cha nyuma. Kicheko cha Dada cha miaka kumi, kile cha kupanda juu halafu kukatika. Nilikuwa nimekisahau. Nimesimama na brashi mkononi mpaka wino ukakauka.

Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mtu amelipita.

Kwa nini Kipimo alikusanya kauri mia sita? Alikuwa anaitafuta ile moja. Kwa nini aliitafuta? Ilipotea. Na nani aliipoteza? Kama ningeirudisha siku ya pili, Kipimo angekuwa fundi baiskeli. Kusingekuwa na kabati. Kusingekuwa na makumbusho, wala Daktari, wala kicheko chumba cha nyuma. Ukifuata mantiki bila hasira, mwanzilishi wa makumbusho haya ni mimi!

Sitaki makuu. Bango dogo tu juu ya mlango, jina langu, na neno "Mwanzilishi." Nitalitundika Jumapili wakati Dada na Kipimo wamekwenda machimboni, Jumatatu walikute limeshazoeleka.

Mbao ilikuwa shida, lakini nimepata moja nzuri ajabu: ndefu, laini, upana wa kutosha herufi zangu. Ni ubao wa Dada wa kupigia pasi. Nimevua kitambaa chake, nimekata miguu, rangi ya kwanza imeshakauka. Na siku hizi hapigi pasi sana, yuko makumbusho kutwa. Akiuliza, nitasema nilimwona kinyozi akiuangalia.